Saikolojia na usimamizi wa umma: Yaliyo nyuma ya majina ya shahada hizi

KILA mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, huanza msimu ambao kwa familia nyingi huwa mgumu kuliko hata ule wa mtihani wenyewe. Mtahiniwa ana alama zake mkononi, mzazi ana hesabu za karo kichwani, na mbele yao kuna orodha ndefu ya kozi za vyuo vikuu zinazotakiwa kupangwa kwa mfuatano wa upendeleo kabla ya muda wa maombi kumalizika. Kwa wale ambao hawakuelekea upande wa udaktari, uhandisi au sheria, majina mawili hujitokeza mara kwa mara katika orodha hiyo: saikolojia na usimamizi wa umma.

Majina haya yana mvuto. La kwanza huleta picha ya mshauri aliyeketi katika chumba tulivu akimsikiliza mwenye dhiki. La pili huleta picha ya afisa wa serikali mwenye meza, muhuri na dereva. Picha zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayotolewa pamoja na cheti siku ya mahafali. Shahada ya kwanza ya saikolojia si leseni ya kutibu, na shahada ya kwanza ya usimamizi wa umma si barua ya ajira. Anayelifahamu hilo mapema huweza kuitumia miaka yake chuoni kwa faida. Anayeligundua baada ya kuhitimu huwa amechelewa, na mkopo wa masomo huwa unamsubiri.

Makala haya yanaeleza kinachofundishwa katika shahada hizi mbili nchini Kenya, sheria zinazoziongoza taaluma zenyewe, milango zinayoifungua na mambo ambayo mwombaji hana budi kuyauliza kabla ya kufanya uamuzi.

Chimbuko la taaluma hizi

Saikolojia, ambayo baadhi ya wataalamu wa lugha huiita elimunafsia, ni taaluma inayochunguza akili na tabia ya binadamu. Kabla ya kusimama peke yake ilikuwa sehemu ya falsafa. Mwaka ambao hutajwa katika karibu kila kitabu cha utangulizi ni 1879, wakati Wilhelm Wundt alipofungua maabara ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Tangu hapo hoja kuhusu akili ya binadamu zilitakiwa kuthibitishwa kwa majaribio na vipimo, wala si kwa kutafakari pekee.

Usimamizi wa umma nao una tarehe yake. Mnamo 1887, Woodrow Wilson, msomi wa Marekani ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa nchi hiyo, alichapisha makala akitetea wazo kwamba uendeshaji wa shughuli za serikali unafaa kusomwa kama taaluma, tofauti na siasa za kuwania madaraka. Baada yake alikuja Max Weber wa Ujerumani, aliyeeleza sifa za urasimu: ngazi za mamlaka, kanuni zilizoandikwa, uajiri unaozingatia ujuzi na kumbukumbu zinazohifadhiwa kwenye faili. Leo neno urasimu hutumiwa kama tusi, lakini kwa Weber lilikuwa dawa ya utawala wa upendeleo na udugu.

Hapa Kenya, haja ya usimamizi wa umma ilionekana mapema kwa sababu ya uhuru. Mnamo 1961, miaka miwili kabla ya bendera ya mkoloni kuteremshwa, Taasisi ya Usimamizi ya Kenya ilianzishwa katika eneo la Lower Kabete ili kuwaandaa Waafrika waliotarajiwa kuchukua nafasi za maafisa wa kikoloni. Taasisi hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa Chuo cha Serikali cha Kenya, KSG, kwa sheria ya mwaka 2012, na sasa ina matawi yakiwemo Mombasa, Matuga, Embu na Baringo. Saikolojia, kwa upande wake, kwa miaka mingi ilifunzwa zaidi kama sehemu ya mafunzo ya ualimu kabla ya kupata shahada zake yenyewe.

Siku hizi saikolojia hufundishwa katika vyuo vikuu vya umma na vya kibinafsi, vikiwemo Nairobi, Kenyatta, Daystar na USIU-Africa. Usimamizi wa umma hufundishwa peke yake au pamoja na sayansi ya siasa au sera za umma katika vyuo kama vile Nairobi, Kenyatta na Moi.

Kinachofundishwa katika saikolojia

Katika mfumo wa 8-4-4, shahada ya saikolojia huchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza huwa wa misingi: historia ya taaluma, jinsi ubongo na mishipa ya fahamu inavyofanya kazi, namna binadamu anavyojifunza, anavyokumbuka na anavyohisi. Hapo ndipo mwanafunzi anapokutana na Ivan Pavlov na mbwa wake, B. F. Skinner na nadharia ya tuzo na adhabu, Sigmund Freud na mawazo yaliyofichika, na Jean Piaget na hatua za ukuaji wa fikra za mtoto.

Mwaka wa pili na wa tatu huingia ndani zaidi. Kuna saikolojia ya ukuaji, inayomfuata binadamu tangu tumboni hadi uzeeni. Saikolojia ya jamii, inayochunguza jinsi kundi linavyomwathiri mtu. Somo la nafsi na tofauti za watu. Na somo la matatizo ya akili kama vile unyogovu, wasiwasi uliokithiri na uraibu. Mwaka wa nne kwa kawaida huwa na mradi wa utafiti, na mahali fulani katikati mwanafunzi hupelekwa kwa mafunzo ya nyanjani katika shule, hospitali, gereza, kituo cha kurekebisha tabia au shirika la kijamii.

Linalowashtua wanafunzi wengi ni takwimu. Wapo wanaochagua saikolojia wakidhani wameikwepa hisabati, kisha wanakuta wanatakiwa kukokotoa wastani, kupima uhusiano kati ya mambo mawili na kueleza iwapo tofauti iliyoonekana katika jaribio ni ya kweli au ni ya bahati tu. Hakuna njia ya kuepuka hilo. Taaluma inayodai kupima tabia ya binadamu haiwezi kufanya hivyo bila hesabu.

Jambo la pili linalofaa kufahamika ni kwamba saikolojia si elimu ya Wazungu pekee, ijapokuwa vitabu vingi vinatoka ng'ambo. Mojawapo ya nadharia zinazosomwa zaidi duniani, ile ya mshikamano kati ya mtoto mchanga na mlezi wake, ilipata msingi wake muhimu Afrika Mashariki. Mary Ainsworth aliwachunguza akina mama na watoto wachanga katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala katika miaka ya 1950, na mwaka 1967 akachapisha kitabu kuhusu malezi nchini Uganda. Hapa Kenya, Sara Harkness na Charles Super walifanya utafiti miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet katika miaka ya 1970, na kutokana na kazi hiyo wakajenga hoja kwamba ukuaji wa mtoto hauwezi kueleweka bila kutazama mazingira ya nyumbani, desturi za malezi na imani za wazazi wake. Mwanafunzi mzuri wa Kenya huuliza swali hilohilo kuhusu kila nadharia anayofundishwa: je, inasimama pia Kitui, Lamu au Turkana?

Mshauri, mwanasaikolojia na daktari

Watu wengi huchanganya watoaji huduma watatu ambao sheria na mafunzo yamewatenganisha. Mchanganyiko huo ndio chanzo cha matarajio mengi yanayovunjika.

Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu. Husoma kwanza shahada ya udaktari, akafanya uanagenzi hospitalini, kisha akasomea uzamili katika magonjwa ya akili. Ndiye mwenye mamlaka ya kuandika dawa, na husajiliwa na baraza linalosimamia madaktari. Hakuna shahada ya kwanza ya saikolojia inayomfikisha mtu hapo.

Mwanasaikolojia wa tiba hutathmini na kutibu kwa mazungumzo na mbinu nyingine zisizo za dawa. Njia ya kawaida ya kufika huko ni shahada ya kwanza ya saikolojia ikifuatwa na uzamili wenye saa nyingi za kazi chini ya msimamizi. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, hufundisha uzamili huo katika idara ya magonjwa ya akili.

Mshauri nasaha humsaidia mtu kupitia matatizo ya kimaisha kama vile msiba, ndoa, masomo au uraibu. Mafunzo yake yanaweza kuanzia stashahada na kuendelea hadi ngazi za juu.

Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kubandika bango mlangoni na kujiita mwanasaikolojia kwa kuwa tu ana shahada. Ni lazima awe amesajiliwa. Mwombaji wa kozi anafaa kumuuliza mhadhiri au msajili wa chuo swali moja la wazi: mhitimu wa kozi hii husajiliwa katika ngazi gani, na anahitaji nini zaidi ili kupanda?

Kwa nini haja imeongezeka

Matukio kadhaa yameifanya Kenya ione umuhimu wa taaluma hii. Mnamo Agosti 7, 1998, bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu. Manusura, waokoaji na jamaa za waliofariki walihitaji msaada ambao haukuwa wa bandeji wala upasuaji, na washauri waliopatikana walikuwa wachache mno. Haja hiyo ilirudi kwa uzito baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Shuleni, badiliko lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko, na walimu waliozoea kurekebisha kwa fimbo wakatakiwa kurekebisha kwa maneno. Idara za ushauri nasaha ambazo awali zilikuwa jina tu zikaanza kutafutiwa watu wenye ujuzi.

Sheria pia imekuwa ikibadilika. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022 ili kuzipa serikali za kaunti wajibu katika huduma hizi, ambazo kwa miaka mingi zilitegemea hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa akili mwaka 1910. Nayo Mahakama Kuu, mnamo Januari 2025, iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mtu aliyefikia ukingoni, ambaye awali angefikishwa mbele ya hakimu, sasa anastahili kufikishwa mbele ya mtaalamu. Swali linalobaki ni kama mtaalamu huyo atapatikana.

Hata hivyo, haja ya huduma na nafasi ya kazi ni mambo mawili tofauti. Jamii yaweza kuwahitaji wanasaikolojia huku waajiri wakiwa hawana bajeti ya kuwalipa. Ndiyo maana wahitimu wengi wa shahada ya kwanza huingia katika kazi zilizo kando ya tiba: usimamizi wa wafanyakazi, utafiti wa masoko, mashirika yasiyo ya kiserikali, ulinzi wa watoto, huduma kwa wakimbizi, magereza na mafunzo kazini.

Kinachofundishwa katika usimamizi wa umma

Shahada hii hujibu swali moja kubwa: uamuzi uliofanywa bungeni au katika baraza la mawaziri hugeuka vipi kuwa kisima, barabara, dawa zahanatini au mwalimu darasani? Mwanafunzi husoma nadharia za uongozi na mashirika, utungaji na utekelezaji wa sera, fedha za umma na bajeti, sheria ya Katiba na ya utawala, usimamizi wa wafanyakazi, ununuzi wa umma, maadili, maendeleo ya mashinani, pamoja na mbinu za utafiti. Takwimu zipo hapa pia.

Historia ya utumishi wa umma nchini ni sehemu muhimu ya masomo haya, na haikosi mafunzo machungu. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilitoa ripoti yake mwaka 1971 na kuwaruhusu watumishi wa umma kushiriki katika biashara za kibinafsi. Miongo kadhaa baadaye, wasomi na wakaguzi bado hurejelea uamuzi huo wanapojadili mgongano wa masilahi. Mwanafunzi huulinganisha na Kifungu cha 77 cha Katiba ya 2010, kinachomzuia afisa wa serikali anayefanya kazi kwa muda wote kushiriki ajira nyingine yenye malipo. Kati ya ripoti ile na kifungu hiki kuna hadithi nzima ya utawala wa Kenya.

Vilevile husomwa mpango wa mwaka 1983 wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo ya mashambani. Mpango huo uliahidi kuwapa wananchi wa mashinani sauti, lakini mamlaka yalibaki kwa maafisa walioteuliwa kutoka Nairobi. Anayeuelewa udhaifu wake huelewa kwa nini Wakenya walidai ugatuzi kwa nguvu hivyo.

Ugatuzi wenyewe ndio uliobadilisha sura ya taaluma hii. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, serikali za kaunti 47 zilianza kazi, kila moja ikiwa na kamati ya utendaji, bunge, hazina na bodi ya utumishi wa umma. Ghafla nchi ilihitaji watu wanaojua kuandaa bajeti, kusimamia zabuni, kuendesha vikao vya kushirikisha umma na kuandika ripoti ambazo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kuzisoma bila kutikisa kichwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 zimekuwa vitabu vya kila siku kwa wanafunzi wa shahada hii, au zinafaa kuwa hivyo. Chuo kinachofundisha kozi hii bila kuzifungua sheria hizo kinampa mwanafunzi nadharia isiyo na mguu wa kusimamia.

Njia ya kuingia katika utumishi wa umma

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba shahada ya usimamizi wa umma ina nafasi zake zilizohifadhiwa serikalini. Nafasi za utawala hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma au na bodi za kaunti, na mara nyingi huwa wazi kwa wahitimu wa taaluma nyingine za sayansi za jamii. Mhitimu wa sosholojia, uchumi au hata saikolojia anaweza kuketi katika mahojiano yaleyale.

Kinachomfaa mhitimu wa usimamizi wa umma ni kuzijua kanuni za mchezo. Kifungu cha 232 cha Katiba kinaorodhesha maadili ya utumishi wa umma, yakiwemo weledi, uwajibikaji, uwazi na ushindani wa haki katika uajiri. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zitolewe kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti husika. Kijana anayezifahamu kanuni hizi anaweza kuulizia haki yake. Asiyezifahamu hubaki kusema kwamba kazi ni za wenye watu.

Ukweli ni kwamba malalamiko kuhusu upendeleo hayajaisha, na chuo kinachowaficha wanafunzi jambo hilo hakiwatendei haki. Lakini ipo milango halali inayofaa kujaribiwa mapema. Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wa uanagenzi kwa wahitimu wa vyuo vikuu. Kaunti, mabunge ya kaunti na mashirika ya serikali hupokea wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani. Tena wapo waajiri wengine wanaohitaji ujuzi huohuo: vyama vya ushirika, mashirika ya misaada, taasisi za utafiti wa sera na kampuni zinazoshughulika na zabuni za serikali. Baada ya kuajiriwa, mtumishi hurudi darasani katika KSG kwa kozi za uongozi zinazohitajika anapotaka kupanda ngazi. Shahada ya kwanza kwa hiyo ni mwanzo wa safari wala si kituo cha mwisho.

Taaluma mbili zinapokutana

Huenda ikaonekana kwamba mwenye kutaka kuielewa akili ya binadamu na mwenye kutaka kuiendesha serikali hawana la kuambiana. Sivyo. Afisa wa umma hushinda akishughulika na tabia za watu: walipa kodi wanaochelewa, wafanyakazi waliokata tamaa, wanakijiji wanaoukataa mradi ambao kwenye karatasi unaonekana mzuri. Chifu anayewapatanisha majirani kuhusu mpaka wa shamba hutumia saikolojia, awe ameisoma au la.

Vituo vya Huduma, vilivyoanza mwaka 2013, ni mfano mzuri. Kuziweka huduma nyingi chini ya paa moja lilikuwa suala la usimamizi. Lakini kumfanya mwananchi aamini kwamba atahudumiwa bila kumjua mtu ndani wala kutoa kitu kidogo, hilo ni suala la imani na mazoea, na hapo ndipo mwanasaikolojia ana neno la kusema.

Kwa sababu hiyo, katika vyuo ambako Shahada ya Sanaa inaruhusu kuoanisha masomo mawili, mwanafunzi anafaa kuuliza kama hizi mbili zinaweza kwenda pamoja. Anayelenga usimamizi wa wafanyakazi hunufaika sana. Lakini anayelenga tiba ajihadhari: akipunguza masomo ya saikolojia ili kutoa nafasi kwa mengine, huenda akakosa yale yanayohitajika kwa uzamili.

Masharti ya kujiunga

Kwa watahiniwa wa KCSE, kiwango cha chini cha kujiunga na shahada nchini ni alama ya C+. Zaidi ya hapo, KUCCPS, asasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya bodi ya pamoja ya uteuzi, huangalia masomo manne yanayohusiana na kozi na kuyapa uzito usiozidi pointi 48. Pointi za mtu wa mwisho kuteuliwa hubadilika kila mwaka kulingana na idadi ya waombaji, kwa hiyo za mwaka uliopita ni mwongozo tu.

Kozi zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na namba tofauti, chuo tofauti na hata mtaala tofauti. Mwombaji asisome jina pekee. "Saikolojia", "saikolojia ya ushauri nasaha" na "saikolojia ya elimu" si kitu kimoja. Vivyo hivyo "usimamizi wa umma" na "sayansi ya siasa na usimamizi wa umma".

Mtihani wa KCSE unaelekea ukingoni, kwani kundi la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kuufanya mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia sekondari pevu, Gredi ya 10, Januari 2026. Kwao uamuzi huanza mapema zaidi, kwa kuwa huchagua mkondo kabla ya kuingia sekondari pevu. Taaluma zote mbili hukaa kwa kawaida katika mkondo wa Sayansi za Jamii, na mzazi asimruhusu mtoto kuipuuza hisabati kwa sababu tu amechagua mkondo huo.

Gharama na mkopo

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, huwakopesha wanafunzi fedha ambazo ni lazima zirudishwe. Mkopaji hutakiwa kuanza kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mfumo mpya unaochanganya ufadhili, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa kila kaya. Mfumo huo ulizua malalamiko na kufikishwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliukosoa kwa kukiuka Katiba. Familia inafaa kuthibitisha kanuni zinazotumika mwaka wa kujiunga badala ya kutegemea maelezo ya jirani aliyesomesha mtoto miaka mitatu iliyopita.

Kwa anayechagua saikolojia kwa nia ya kutibu, hesabu isiishie kwenye miaka minne. Karo ya uzamili na muda wa kufanya kazi chini ya msimamizi viingizwe humo tangu mwanzo. Familia nyingi hukwama hapo: zimemaliza fedha za shahada ya kwanza, na kumbe mlango waliokuwa wakiutazamia uko ngazi moja juu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla ya kuthibitisha chaguo lake, mwombaji apate majibu ya maswali haya.

Je, kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Mtaala wake una masomo gani mwaka hadi mwaka, na ni mangapi ya taaluma yenyewe? Kuna wahadhiri wangapi wa kudumu katika idara hiyo? Mafunzo ya nyanjani huchukua muda gani, na ni nani humtafutia mwanafunzi nafasi? Kwa saikolojia, bodi ya usajili inamtambua mhitimu katika ngazi gani? Kwa usimamizi wa umma, je, mwanafunzi hufundishwa kuisoma bajeti halisi ya kaunti na kuichambua ripoti ya ukaguzi? Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi?

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi kujibiwa, na ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Idara inayojua waliko wanafunzi wake wa jana huwa na habari njema ya kusimulia kuhusu wa kesho.

Ni kweli kwamba mchagua nazi hupata koroma, na mwombaji hawezi kungoja kozi isiyo na dosari. Lakini anayeingia katika saikolojia akijua kwamba safari ya tiba ni ndefu, na anayeingia katika usimamizi wa umma akijua kwamba ofisi haimsubiri, wote wawili huanza mwaka wa kwanza wakiwa na jambo ambalo wenzao wengi hulipata mwaka wa nne: sababu ya kufungua kitabu.